Kadi ya Neno Mzingiro

Sarajevo, 14 Septemba 2023

Dada yangu mpenzi Mevlida,

Salamu nyingi zikufikie huko Malmö, wewe, shemeji Zijad na mpwa wangu Nerma. Natumaini goti lako limetulia na daktari ameacha kukutisha. Mimi ni mzima, ila mgongo unalalamika, na meno mawili yameniaga tangu tulipoonana Machi. Jemu ya plamu nimeipika, na imeungua chini kama kila mwaka.

Uliniuliza kazi inaendaje. Kamusi yetu imefika herufi O, na baada ya miaka kumi na moja hilo ni jambo la kujivunia. Tangu Julai ninalo neno opsada, yaani mzingiro. Bi Jadranka, mhariri wetu mkuu, alinikabidhi mwenyewe, akasema neno hilo apewe mtu aliyekuwepo mji wetu ulipozingirwa. Nikamjibu kuwa kwa mpango huo neno punda alipaswa kumpa Tvrtko. Tvrtko, ninayekaa naye meza moja, hakucheka.

Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Maana ya kwanza, jeshi kuuzunguka mji ili watu wake wasalimu amri. Ya pili, muda wote hali hiyo inapodumu. Ya tatu, watu kumzonga mtu kwa maswali, kama shangazi zetu walivyokufanyia siku ya harusi yako. Ugomvi ukazuka kwenye visawe. Tvrtko, ambaye miaka ile alikuwa Zagreb akila vizuri, alitaka tuandike kwamba kuzingirwa ni sawa na kuzungukwa na ni sawa na kufungiwa njia, basi, twende mbele. Bi Jadranka akamwambia weee, usinitanie. Anayezungukwa ni askari porini, akipata nguvu anatoboa na kutoka. Kinachofungiwa njia ni unga na mafuta. Anayezingirwa, alisema, yuko nyumbani kwake na ufunguo wa mlango anao mfukoni. Nami nikaandika hivyo hivyo.

Unaijua sheria ya ofisi yetu, nimekuchosha nayo mara nyingi. Kila maana lazima iwe na kadi yenye sentensi ambayo mtu aliiandika kweli, pamoja na jina lake, mahali na tarehe. Mwaka juzi Bi Jadranka alichana kadi arobaini za mwenzetu mmoja kwa sababu ya mfano mmoja wa kubuni kuhusu mbuzi. Ndiyo maana tuliwaomba watu watuletee barua za miaka ile. Nawe, bila kunidokezea, ukatuma nakala ya barua ya Mama. Bahasha niliifungua mimi mwenyewe, mezani kwangu, nikiwa na mkate mdomoni.

Bi Jadranka aliisoma kwa sauti ofisi nzima ikisikia: “Binti yangu, mzingiro ni foleni ya maji na jirani anayekoroma, mengine waachie wanajeshi. Kula, lala, zaa salama.” Akavua miwani. Akaniuliza kama mama yetu alikuwa mwalimu, nikamwambia alikuwa mshonaji. Akasema basi mshonaji huyu ametushinda wote wenye shahada. Hata Tvrtko aliomba nakala. Kadi ikapigwa chapa kwa jina la Mama: Umihana, Sarajevo, 20 Desemba 1993. Fomu ya ruhusa imeshatumwa kwako, itakufikia wiki ijayo.

Usiisaini, dada.

Maneno hayo hayakuwa ya Mama. Ni yangu. Unakumbuka kwamba miwani yake ilivunjika kiangazi kile, na tangu hapo yeye alisema, mimi nikaandika, kisha tukawapa waandishi wa habari wageni wazitoe barua nje ya mji. Kwa hiyo mwandiko haukukushtua. Lakini Mama alifariki Alhamisi, tarehe 11 Novemba, kwa nimonia, katika chumba kisicho na moto. Tarehe ishirini Desemba ilikuwa arobaini yake. Badala ya kumsomea hitma nilikaa nikakuandikia barua kwa jina lake.

Ulikuwa umeshapoteza mimba mbili, na daktari alikuwa amekulaza kitandani. Nilijisemea kwamba ukijua, utampoteza na huyu. Nikaandika barua ya kwanza, halafu nyingine tatu. Nerma alipozaliwa salama, ndipo nikakuletea msiba, nikasema Mama amefariki tarehe 3 Machi. Nikaongeza kwamba alizipata habari za mjukuu na akalitaja jina lake mara tatu. Hakulitaja, Mevlida. Hakulijua jina hilo. Na tarehe ya uongo niliichongesha hata kwenye jiwe la kaburi.

Kila Machi unapanda ndege, unapika halua, wanawake wanasoma hitma, halafu unamsimulia Nerma jinsi bibi yake alivyomtaja. Mimi nakaa jikoni, nasaga kahawa isiyohitajika. Kila Novemba nilipanda makaburini na Bi Hajra wa ghorofa ya chini, kwani ni yeye aliyemwosha Mama. Alikuwa akiniambia, “Rifet, ulimdanganya mgonjwa, haya. Sasa amepona, unangoja nini?” Alifariki Mei, na sasa anayejua ni mimi peke yangu.

Utasema nimeona aibu mbele ya kamusi kuliko mbele yako. Ni kweli, na hilo linaniuma kuliko yote. Kadi nimeichana leo mchana. Bi Jadranka amenijia juu, akauliza kama nimerukwa na akili, nikamwomba asubiri kwanza nikuambie wewe.

Lililo kweli ni hili. Barua yako ya kwamba una mimba ilitufikia Oktoba, nikamsomea mara mbili. Hakusema neno lolote la kuwekwa kwenye kamusi. Alisema, “Mungu wangu, na baridi hii,” akavua sweta lake la kijani, lile moja alilokuwa nalo, akaanza kulifumua apate uzi. Nilimgombeza. Akaniambia ninyamaze nishike uzi. Soksi moja ya mtoto imekamilika. Ya pili imeishia kisiginoni, na sindano bado zimo. Nimezificha miaka thelathini kwa sababu ningekutumia, ungeuliza kwa nini hakumaliza.

Nerma ataambiwa na nani, amua wewe. Mchonga mawe nimeshamwita, ananisubiri nimpe tarehe ya kweli aichonge, nami nakusubiri wewe. Ukikasirika, nipigie simu unitukane, nitapokea. Mwaka huu, kama utaweza kunitazama usoni, njoo Novemba.

Msalimie Zijad, mbusu Nerma. Majirani wote wanakusalimu, nami nakuombea afya na subira.

Mdogo wako,
Rifet