Jokofu la Baba Mkwe Halichongewi

Mshauri mpendwa, nimekwama pabaya na sina wa kumwambia, nisaidie. Mimi ni koplo, fundi wa majokofu katika kambi ya jeshi, kazi yangu ni kuhakikisha nyama ya bwaloni haiozi na dawa za zahanati haziharibiki, na kazi naipenda, tatizo ni baba mkwe wangu, ambaye ndiye sajini wa ghala na ndiye mkubwa wangu, wenzangu wanamwita Barafu akiwa hayupo, na kifaa chochote kikiharibika lazima taarifa ipitie kwake.

Sasa pale kwetu kuripoti kifaa kibovu hatuiti kuripoti, tunaita kuchongea. Ukisema feni haizunguki, umeichongea feni, na jokofu likifa tunasema linapumzika, lile kubwa la bwaloni limepumzika tangu mvua zilizopita na wapishi wanahifadhia viatu humo. Hayo nilikuwa nayacheka kama wengine, lakini juzi nikafungua jokofu la zahanati, lile la chanjo za watoto wa askari, nikakuta mpira wa mlango umechanika, kompresa inaunguruma bila kujizima, chupa za nyuma ukizishika ni vuguvugu, ila kipimajoto kinasoma baridi safi kabisa, kumbe kimening'inizwa katikati ya mabonge ya barafu. Nilipomuuliza mzee akasema, "Mwanangu, hicho kipimajoto kiko jeshini, kinapokea amri kama wewe." Kisha akanipa mkanda wa suruali nifungie mlango.

Mshauri, wakaguzi wanakuja wiki ijayo, na mzee anastaafu mwisho wa mwezi, ameandaliwa sherehe na cheti cha utunzaji bora wa vifaa. Mke wangu anasema nikimwaibisha baba yake nitafute pa kulala, mama mkwe naye kanipigia simu kunikumbusha kwamba walinipa binti yao nikiwa sina mbele wala nyuma. Nimetafuta mpira mwingine wa mlango sikupata, na kuagiza mpya lazima kasoro iripotiwe kwanza. Mwanetu mdogo alikuwa achanjwe Jumatatu, nikamwambia mke wangu ampeleke hospitali ya mjini, nikasingizia foleni ya zahanati ni ndefu. Je, nivumilie mzee astaafu kwa amani, au nifanyeje? Mimi si mchongezi.

Wako, Fundi Niliyeganda

*

Fundi Uliyeganda,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili sikucheka.

Unauliza kama uripoti. Baba, umesharipoti. Ulimripotia mwanao peke yake, ukamtoa kwenye foleni kimyakimya, ukawaacha watoto wa wenzako wasubiri zamu. Baba wa mtoto aliyefuata huenda ni dereva au mpiga tarumbeta, hajui kompresa ikiunguruma inalia nini. Yeye alikuwa anakutegemea wewe, na hata hajui kwamba anakutegemea.

Pole, lakini. Ukwe si jambo dogo. Baba mkwe wangu alikuwa akikohoa sebuleni, mimi jikoni nasimama wima na mwiko mkononi. Na kuishi na mkwe kazini na nyumbani ni mzigo ambao simwombei mtu hata kidogo. Ila usinichanganyie maneno. Kuchongea ni kupeleka maneno ili mtu aumie. Jokofu haliumii, halina cheo cha kuvuliwa, wala halina mama wa kulililia. Ninyi mmelifanya ndugu yenu ili mpate kisingizio cha kukaa kimya, na wewe fundi mzima ukakubali kupewa mkanda. Mrudishie mzee mkanda wake, suruali inauhitaji zaidi.

Sasa sikiliza. Ukimaliza kusoma hapa, nenda zahanati umwambie nesi asimdunge mtu yeyote dawa ya jokofu lile. Chupa zihamishwe kwenye jokofu zima, zitengwe, na wajuzi wa chanjo ndio waseme kama zinafaa, si wewe wala mkweo. Kipimajoto kitoe kwenye barafu, kiweke zilipo chupa.

Kisha mfuate mzee ofisini, si nyumbani. Piga saluti, sema, "Afande, jokofu la chanjo ni bovu, naliripoti." Neno baba liache hadi jioni, utalihitaji sana. Mpe nafasi yeye mwenyewe apeleke taarifa juu, maana sajini anayetangaza ubovu kabla ya wakaguzi anastaafu na heshima yake. Akikataa, mpite, nenda kwa daktari wa kambi siku hiyohiyo. Cheti atakipata au atakikosa, hilo ni lake.

Mkeo mwambie ukweli kuhusu ile safari ya mjini. Ana hasira kwa sababu anadhani ugomvi huu ni wa baba yake na cheti. Akijua ulimficha nini, huenda hasira ikahamia kwako, na utaistahili.

Halafu kuna watoto waliokwisha kuchanjwa dawa ya humo. Nenda na nesi mkawatafute nyumba kwa nyumba, huenda wakahitaji kuchanjwa upya. Kazi hiyo usimtume mtu. Na mama wa kwanza atakayefungua mlango akikuuliza ulijua lini, mjibu.