Papa, Ungenichagulia Kati ya Bosi na Sista

Papa,

Ningekuandikia mapema, ila mbwa wako hawakunipa nafasi. Siku ile ile ya kumaliza matanga, wageni bado wanakunywa fanta, Sista alifungua komeo la jikoni akaondoka na nyama yao bila kutoa hata sauti.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ulichotugombeza nacho tangu tulipokuwa tukiishi Buyenzi. Kinyarwanda ulikiweka kwa ajili ya kanisa na viongozi.

Nakulilia, Papa, na nina hasira na wewe. Pale hospitali nilikuuliza mara tatu: kati ya hawa wawili, nibaki na nani? Nyumba yetu ya Batsinda unaijua, ua wake unatosha kamba moja ya nguo. Mkuu wa mudugudu, mtaa wetu, ameshasema mbwa mmoja, awe na chanjo, awe nyuma ya geti. Ukanijibu, "Utajua mwenyewe, umekulia kwenye mabanda ya mbwa." Kisha ukageukia ukutani ukalala.

Kukulia kwenye mabanda maana yake niliyaosha. Aliyewafundisha mbwa ni wewe. Yule tajiri wa Kibagabaga aliwaagiza wawili ili achague mmoja, na waliomuuzia walimwambia mapema kuwa aina hizi hazimfai mtu anayejifunza kufuga. Akawaogopa wote wawili, akakuletea. Ukafurahi kama mtu aliyepewa wajukuu. Bosi, boerboel wa Afrika Kusini, kichwa kama sufuria ya harusi, anayemkubali mtu mmoja tu. Na Sista, basenji wa Kongo, mwekundu, mkia umejikunja, habweki hata nyumba ikiungua. Ukampa jina hilo kwa ukimya wake, kana kwamba uliwahi kuona sista wa kanisa akiiba nyama.

Kila mtu alinichagulia. Mume wangu akasema Sista, maana anakula kidogo. Shangazi akasema Sista, maana Bosi akimkalia mwanangu Keza tutarudi makaburini. Majirani wakasema Sista, hana kelele. Nami nikakubali. Nikapatana na Mzee Karoli, mwenzako wa kazini, amchukue Bosi kule Gisozi, kwenye ua wake mkubwa.

Kabla ya kumpeleka nilitaka kujua neno lake la kuachia, maana Bosi akishika kitu hakitoki. Siku moja alimshika fundi wa maji aliyekuja kwetu, mkono wa koti. Hakumuuma, alimshika tu kama askari. Nikasema acha. Nikasema toa. Nikasema rekura kwa Kinyarwanda, nikajaribu na Kifaransa cha Mama. Nikataja watakatifu wako wote kuanzia Antoni, nikataja timu yako ya mpira. Majirani walikuwa wamepanda juu ya matofali ili waone vizuri. Fundi mwenyewe akaniambia, taratibu kabisa, "Mama Keza, jaribu hata jina la mama yako." Nikalijaribu.

Nikajisemea, Papa amelificha neno ili wezi wasilijue, akatuficha na sisi. Uji wa Keza ulikuwa unafurika jikoni. Nilichoka, nikageuka nikaenda kuuepua. Nyuma yangu nikasikia fundi anashusha pumzi. Bosi ameachia, yuko kwenye visigino vyangu.

Hapakuwa na neno. Ulikuwa unageuka tu.

Papa, mgongo wako nimeishi nao miaka yote. Ukigombana na Mama, ulimpa mgongo ukatoka, na sisi ndio tuliokufuata. Niliposema naolewa, ulinipa mgongo, nikakufuata mpaka mabandani kukubembeleza. Kumbe na mbwa uliwafundisha hivyo hivyo. Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka.

Jumamosi tukaenda Gisozi kwa miguu, Keza mgongoni, mbwa mmoja kila upande. Sista nilimchukua kwa kuwa nyumbani haachwi peke yake, komeo halimwezi. Pale Agakiriro maseremala walipanda juu ya makochi wanayouza. Mmoja akaniuliza kama nimekuja kumpimia kitanda yule ng'ombe.

Mzee Karoli akaipokea kamba, na Bosi akaelewa. Akashika pindo la kitenge changu. Karoli akavuta, akamwita kwa jina, akamwekea nyama. Wapi. Na mimi njia nilijua moja tu. Nikageuka. Akaachia, akanifuata, Karoli akiburuzwa nyuma kama mkokoteni. Nikamrudisha, akashika tena. Nikageuka, akanifuata. Mara ya nne nilikaa chini pale uani nikalia mbele ya watu, jambo ambalo hata siku ya kukuzika sikulifanya. Kuachia na kufuata ulimfundisha kwa ishara moja. Kubaki hukumfundisha kabisa.

Mzee Karoli akasema, "Naweza kumfunga mnyororo, mwanangu. Atakonda, na siku moja atamuuma mtu. Huyu bado ana mwenyewe."

Wakati huo Sista alikuwa ameshaingia ndani kwao, amekagua masufuria yote, amelala kwenye kivuli cha mbao. Nilimwita. Akainua sikio moja, akalishusha. Basi ndiye aliyebaki, na Mzee Karoli ananiambia wanapatana vizuri mno, ila sasa jiko lake lina kufuli.

Nimerudi Batsinda na mbwa ambaye kila mtu alinikataza. Mume wangu ananijibu kwa ndiyo na hapana. Nimezungusha wavu uani, na Keza havuki upande wa Bosi kama sijamshika mkono. Hapo sibishani na mtu, hata na wewe.

Sasa nisikilize, maana safari hii huwezi kuondoka. Kila asubuhi, nguo zikiwa majini, namsimamisha Bosi mbele yangu, uso kwa uso. Namwambia achia. Namwambia baki, narudi nyuma hatua moja huku ananitazama. Jana alibaki nilipofika hatua ya tatu. Alitetemeka miguu yote, lakini alibaki. Maneno hayo mume wangu atayajua, akitaka asitake. Keza atayajua akianza kusema vizuri. Nakuahidi, siku nitakayoondoka mimi, hakuna atakayeachwa anakisia nilitaka nini. Nitakuwa nimesema.

Pumzika, Papa. Hasira bado ipo, ila usiku silali nayo tena.

Binti yako,
Mama Keza