Tatu Hahami Bila Idi

Alhamisi, 2 Mei 1929
Nimetoka kazini ghalani, nikapita tena Kariakoo kutafuta chumba. Mvua. Matope mpaka kwenye kanzu. Mwenye nyumba wa kwanza anataka mpangaji asiye na mke. Wa pili, mama mmoja mnene, kaniuliza kwa nini tunahama mtaa wa Gerezani. Nikasema paa linavuja. Uongo mtupu. Tunahama kwa sababu mwanetu Idi alifia mle chumbani, na mke wangu Tatu bado anamsikia akilia.

Jumamosi, 4 Mei
Umbea umefika Kariakoo kabla yangu. Nyumba mbili wamenikatalia. Mmoja kaniambia bila haya, "Mtoto humfuata mama yake hata akishazikwa. Hapa tuna watoto." Nimeondoka bila kuaga. Mjinga mkubwa. Mtoto wa miezi kumi amdhuru nani?

Jumatatu, 6 Mei
Nimepata! Mtaa wa Pemba, kwa Bi Hadija, mjane. Chumba cha mbele, sakafu ya saruji, dirisha linafunga. Hakuuliza kitu ila kama ninakoroma. Nimerudi nyumbani mbio.

Tatu hataki. Kila siku ananililia nimtoe mle, leo hataki! Kaketi pale penye ufuo, tulipochimba sakafu ili maji ya kumwoshea Idi kabla ya kuzikwa yapate pa kuingia. Tulifukia, lakini udongo umebonyea.

"Wewe nenda, Baba Idi. Mimi nikiondoka, akilia nani atambembeleza?"

Nimekasirika sana. Kisha nimelia.

Alhamisi, 9 Mei
Jana nimehamia peke yangu. Chumba kikikaa kitupu Bi Hadija atampa mtu mwingine, watu wanakigombea. Nilidhani Tatu atanifuata. Wapi! Asubuhi nimepita kumwona. Hajala. Mifupa imemtoka shingoni. Nimezika mmoja, sasa nampoteza na huyu.

Ijumaa, 10 Mei
Baada ya sala ya Ijumaa nimekwenda Gerezani, nikamdanganya mke wangu. Nimemwambia Idi kahama na mimi. Kwamba jana alasiri nimemsikia kule chumbani akilia, nikambembeleza, akanyamaza. Mungu anisamehe.

Tatu kanitazama weee. Kisha kasema, "Ndiyo maana. Tangu uondoke simsikii."

Hapo hapo kaanza kukunja mkeka.

Jumatatu, 13 Mei
Vyombo vyetu vimeenea kwenye rukwama moja. Tatu kaingia na bismillahi, kafukiza udi, kafagia. Wali kaumaliza wote. Bi Hadija kamtania, "Mwenzangu, tuachie sufuria!" Tatu kacheka. Mke wangu kacheka! Nimetoka uani nikasimama peke yangu, nimefurahi mpaka naona aibu.

Alhamisi, 16 Mei
Alasiri. Mvua imekatika. Tatu amelala. Tangu aje hajasikia kitu, na haulizi.

Mimi nasikia. Si kilio. Ni miguu midogo, mitupu, juu ya saruji. Inatoka mlangoni, inafika kitandani, inarudi. Idi alikufa hajajua kutembea.

Sitamwambia mama yake. Nimekunja miguu, apate kupita.