Kipande cha Nguo Iliyovaliwa

Jumapili, 22 Juni
Miezi minne na siku tisa tangu nitoke Iramba. Leo hakuna kazi shambani. Nimefua nguo, hazikauki. Ukungu umeshuka kutoka msitu wa Ngorongoro tangu alfajiri, hadi saa saba bado uko. Magari ya watalii yanapita na taa zimewashwa. Mmoja kavaa kaptula. Juma anasema kwao saa hizi ni kiangazi, wanakuja nacho mwilini. Juma ni Mrangi wa Kondoa, tunapanga naye chumba kimoja cha uani.

Mwenye nyumba, Mama Bura, amemaliza blanketi la sita. Ni mjane, Mwiraqw, umri wa mama yangu. Anashona mablanketi ya viraka ya watoto wachanga. Vitambaa ni mabaki ya mafundi cherehani wa mjini Karatu. Hauzi hata moja. Yanakwenda zahanati moja upande wa Buger, kila mtoto atoke na lake. Nesi atayafuata Jumapili ya tarehe 13 Julai, gari limepatikana siku hiyo tu. Ameahidi kumi. Mwaka jana aliahidi kumi akatoa tisa. Mtoto wa kumi aliondoka kwenye baridi amefungwa kanga ya mama yake. Mama Bura hajasahau.

Jumanne, 24 Juni
Palizi kwenye kahawa. Mgongo si wangu.

Nimerudi nikamkuta Mama Bura amepanga vipande kitandani. Nimesimama mlangoni kuangalia. Hana futi. Kipimo chake ni kipande cha boksi la sabuni, pembe zimeshalika. Anaweka bluu, anaitoa, anaweka njano, anarudi nyuma, anafumba jicho moja. Kipande cha ukubwa wa kiganja hakitupi. Kidogo kuliko hicho anakiunga na mwenzake. Kwetu tungewashia moto. Upande wa chini anaweka mashuka meupe ya kitanda yaliyochakaa, anapewa na hoteli moja ya wageni. Mimi niliishia kidato cha kwanza, lakini najua mtu mwenye akili nikimwona.

Ijumaa, 27 Juni
La nane limekamilika. Amekwenda mbio kuliko nilivyofikiri.

Leo nimejua jambo. Kila blanketi lazima liwe na kipande kimoja cha nguo ya mtu, iliyovaliwa ikachakaa mwilini mwake. Vingine vyote vinaweza kuwa vipya, hicho hapana.

"Kitambaa cha fundi hakijamjua mtu," anasema. "Mtoto anakuja hana mwenyeji."

Kwa hilo la nane Juma alitoa mguu wa suruali. "Huyo mtoto atakuwa na mbio, Mama. Suruali hiyo imewakimbia mgambo mara mbili." Mama Bura alicheka hadi akashika cherehani.

Kisha akanigeukia. La tisa anataka shati langu la mirabamiraba, limelainika vizuri. Nikasema nitaangalia. Sikutaka. Mke wangu Neema alilishonea vifungo vyote upya siku ninaondoka. Sasa ana mimba ya miezi mitano na sijamwona nayo. Shati ndilo nililonalo la kwake. Siwezi kulipeleka kwenye mkasi kwa ajili ya mtoto wa mtu nisiyemjua. Ndivyo nilivyo.

Jumatatu, 30 Juni
Nimepita sokoni baada ya kazi. Nimenunua shuka nyekundu ya Kimasai, mpya. Nimekata kona, nikaikanyagakanyaga kwenye vumbi, nikaifikicha mpaka ikalegea. Nikampelekea. Nikamwambia nimejifunika hiyo mwaka mzima.

Akaishika kwa vidole viwili. Akanitazama kidogo. "Asante mwanangu."

Nimelala nikijiona mjanja.

Jumamosi, 5 Julai
La tisa limekwisha. Ndilo zuri kuliko yote. Nyekundu yangu iko katikati, imezungukwa na vipande vyeupe, halafu kijani, halafu kitenge cha rangi ya ugoro. Ukiangalia kwa mbali linaonekana kama kaa la moto kwenye majani. Ametumia siku tano. Nimemsifu, na kusifu kwenyewe ni kweli. Kilichokuwa cha uongo ni kipande tu.

Jumapili, 6 Julai
Siku mbaya.

Kila blanketi hufuliwa kwa maji ya moto kabla ya kwenda, nesi hapokei lenye vumbi la cherehani. Amelitumbukiza la tisa kwenye beseni. Maji yakawa mekundu pale pale. Alipolitoa, weupe wote ulikuwa wa waridi, wa chini na wa juu. Akasuuza mara tano. Bado linachuja. Huwezi kumfunga mtoto mchanga kitu kama hicho, atatoka mwekundu.

Nilikuwa nimeshika ndoo.

"Nguo iliyovaliwa mwaka mzima ilishamaliza kuchuja, mwanangu."

Basi. Akalikamua, akalianika, akaingia ndani. Juma mwenye maneno yote yale akaichukua ndoo mkononi mwangu, akaenda kuimwaga. Ningependa nitukanwe.

Zimebaki siku saba na mablanketi mawili. Siku tano za kazi yake nimezimwaga kwenye beseni.

Jumatatu, 7 Julai
Sabasaba, hatukwenda shambani. Asubuhi nimempelekea shati. Nimemweleza yote, la sokoni, la vumbi, la Neema na vifungo. Akasikiliza huku anatia uzi kwenye sindano. Akakata kipande cha mgongoni tu, akanirudishia shati na vifungo vyake vyote.

"Kaa hapo," akasema. Akanipa sindano.

Yeye cherehani, mimi kushikiza tabaka kwa mkono, mishono mirefu. Mstari wangu wa kwanza ulikwenda kama kuku anayechakura. Akaufumua wote. Wa pili akaufumua. "Mtoto hajui kusoma mwandiko huu." Wa tatu akauacha. Nimefurahi kuliko nilipofaulu darasa la saba.

Alhamisi, 10 Julai
Kuchuma kahawa kumeanza. Natoka saa kumi, nanawa, nakaa dirishani kwa Mama Bura hadi nuru inapokwisha. Vidole vyangu vimetobolewa na sindano kuliko kwenye kahawa.

Vyake vimevimba kwa baridi. Anavitia kwenye maji ya uvuguvugu, anavikausha, anakanyaga tena cherehani. Halalamiki. Anaimba Kiiraqw, sauti ya chini, sielewi neno. Nimefanya kazi chini ya wanyapara kumi na zaidi katika maisha yangu. Hakuna aliyenifanya nione aibu kwa kuchoka. Huyu hata haniangalii.

La tisa jipya limeungwa. Mirabamiraba yangu iko pembeni, si katikati. Inatosha.

Jumamosi, 12 Julai
La kumi limekwisha saa sita mchana. Kipande chake cha nguo ni cha gauni la kanisani la Mama Bura mwenyewe. Tumeyafua yote mawili. Niliogopa kuangalia beseni. Maji yalibaki na rangi ya sabuni tu.

Halafu ukungu. Jua hakuna. Gari linakuja kesho. Juma akawasha pasi ya mkaa, akapuliza hadi macho yakawa kama ya mlevi. Tukapiga pasi kwa zamu, mvuke umejaa chumba kizima. "Mnyiramba, ukirudi kwenu utafungua dobi," akasema. Saa kumi na mbili yalikuwa makavu, yana joto. Mama Bura akayalaza shavuni moja moja. Akahesabu kumi.

Jumapili, 13 Julai
Nesi amekuja baada ya ibada. Mwanamke mfupi, ana haraka. Akahesabu naye. Alipofika lenye mirabamiraba akasema mishono ya hili ni ya mkono mzito. Mama Bura akasema ni ya mtu anayejifunza, ana wa kwake njiani. Nesi akanicheka, akaondoka nayo yote kumi.

Jioni Mama Bura akaniletea lile la waridi, limekunjwa.

"Jifunike wewe kwanza. Lifue kila Jumapili. Likiacha kuchuja litakuwa limemjua mtu. Halafu lipeleke kwenu."

Nimelipokea kwa mikono miwili.

Jumapili, 20 Julai
Nimelifua. Maji bado mekundu, lakini unaona kitako cha beseni. Shati nalivaa chini ya koti, mgongoni inapita baridi. Neema amepiga simu, mtoto anacheza sana. Shati sijamwambia, nitamwonyesha mwenyewe. Mama Bura ameleta gunia jipya la mabaki, amelimwaga kitandani.

Zimebaki Jumapili kumi na mbili za kufua. Natarajia kufika nyumbani Jumamosi, tarehe 18 Oktoba.