Kamera Tatu Zilizohamia Bondeni

Mpendwa mshauri wa redioni,

Mimi si mtu wa kuomba msaada, hata jino langu la mwisho niliking'oa kisiki chake mwenyewe, lakini leo naomba, na usiucheke mwandiko maana shule nilikaa miaka miwili tu nikaondoka, si kwamba nilifukuzwa, niliona wananichelewesha. Kazi yangu ni kufuata nyayo za wanyama katika kambi ya uhifadhi iliyo mbali na kila kitu, kutoka kwetu hadi duka la kwanza ni gari kutwa nzima, na kazi hii nimeifanya miaka thelathini na minne na sijaona wa kunishinda, mnyama akipita jana mimi leo nakwambia alikuwa ameshiba au ana njaa, na huyu bosi wetu wa kambi ni mimi niliyemfundisha kutofautisha unyayo wa fisi na wa mbwa, ingawa siku hizi hasemi.

Kila kiangazi tunaletewa wanafunzi wa chuo kujifunza kazi kwa vitendo, miezi mitatu, wanalala kwenye mahema, wanaungua jua, wanapima mavi ya wanyama kwa rula na kuyaandika daftarini, wakimaliza bosi anaandika ripoti na chuo kinawapa alama. Wengine wiki ya kwanza wanalia kwa kukosa mtandao. Msimu huu alikuja binti mmoja mwembamba, nikasema huyu upepo utamrudisha kwao kabla ya Jumapili, nikakosea, hilo naliungama haraka kwa sababu ni kosa dogo. Binti ananiita babu, nami namwita mjukuu, na alipogundua kwamba kuunganisha herufi kunanishinda hakucheka, kila jioni baada ya chakula ananikalisha mezani na penseli, ndiyo maana barua hii unaisoma, bila yeye ungepata karatasi iliyopitiwa na kuku.

Sasa kisa chenyewe. Kuna chui jike tunamtafuta, inasemekana amezaa, na binti alipewa kamera tatu za kutega, zile zinazofungwa kwenye mti kwa mkanda na mnyama akipita zinapiga picha zenyewe, azifunge anapoona yeye panafaa, huo ndio mtihani wake. Akazifunga juu, mgongoni mwa kilima penye mawe. Nikamwambia mjukuu, chui mwenye watoto hakai juani, anapita bondeni kwenye kijito, naye akajibu kwa adabu kwamba huko juu ameona mavi mabichi yenye manyoya na mifupa midogo. Nikacheka mbele ya watu, nikasema chui huyu namjua tangu bibi yake, na kambi nzima ikacheka pamoja nami. Yeye akaandika kwenye daftari, mgongoni, mti wa kwanza, wa pili, wa tatu, akafunga daftari.

Mshauri, ile adabu yake ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Kesho yake binti alipelekwa upande wa ziwa kuhesabu ndege kwa wiki tatu, nami nikapanda peke yangu nikazifungua zile kamera nikazihamishia bondeni. Nilizijia kwa nyuma kama mtu anavyomwendea nyati, na hakuna hata moja iliyoninasa, hilo nalo si kila mtu analiweza. Nia yangu ilikuwa njema, chui angepigwa picha ningesema mnaona, na binti angepata chui wake, sote tukafaidi.

Wiki tatu zilipoisha nikatumwa mimi kuzikusanya, na kabla ya kwenda bondeni nikapita kwanza juu, sijui kwa nini, labda miguu ilijua. Chini ya mti ule ule wa binti, kwenye vumbi laini, nikakuta nyayo za jike, na ubavuni mwake nyayo ndogo ndogo za watoto wawili, mmoja anavuta mguu kidogo kama amekanyaga mwiba, wamepita asubuhi ile ile. Sijawahi kuona nyayo nzuri kama zile. Nikazitazama mpaka jua likanichoma shingo. Halafu nikavunja tawi nikazifuta. Mimi niliyekula kwa kusoma nyayo miaka thelathini na minne, nikafuta nyayo.

Picha zilipofunguliwa kulikuwa na nyani, majani, kenge, na nyani tena. Bosi akasema mawe haya anayajua, ni ya kijito, mbona daftari linasema mgongoni, akaamua kwamba binti alichoka kupanda kilima akazifunga chini penye kivuli kisha akaandika uongo. Binti akasema alizifunga juu kwa mikono yake. Bosi akanigeukia.

"Mzee, wewe umezitoa wapi?"

"Nimezitoa zilipokuwa," nikasema.

Na ukiangalia vizuri, mshauri, huo si uongo.

Sasa Jumatatu bosi anaandikia chuo kwamba binti ameghushi takwimu, na katika kazi hii mtu akishaandikwa hivyo hapati tena kambi ya kumpokea. Yeye hajanishtaki kwa mtu. Jioni ile alikuja na penseli kama kawaida, akakaa, akasema, "Babu, mimi najua nilipozifunga," kisha akanipa sentensi ya kunakili. Nadhani anajua.

Nikisema, jina langu limekwisha, hata wapishi watanipokea kwa vicheko. Nimefikiria niende kwa bosi kama mzee nimwombee binti huruma tu, kwamba ni mtoto, asamehewe, bila kuingia kwenye mambo ya bondeni na mgongoni. Naona ni njia ya busara. Nataka tu uniambie kama ni ya busara. Barua nampa dereva wa gari la chakula, atakufikishia Alhamisi, nawe unisomee Jumamosi asubuhi, wakati wa chai kambi yote tunakusikiliza, redio yetu ni moja tu, inakaa juu ya kabati la vikombe. Jina langu usilitaje.

Mimi mfuata nyayo, wa kwanza na sijaona wa pili.

MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu, kwanza heshima zako. Mwandiko wako nimeusoma bila miwani, mwalimu wako anaijua kazi. Sasa vumilia, maana nami nina baba mkaidi nyumbani na najua jinsi ya kuzungumza na watu wa aina yako.

Kukosea njia ya chui si dhambi. Chui hakusaini popote kwamba atapita bondeni. Kuhamisha kamera ni ukaidi, na ukaidi wa wazee tumeuzoea, tunauzunguka kama kiti kilichowekwa mlangoni. "Nimezitoa zilipokuwa" ni maneno ya mtoto mwenye sukari mdomoni, na unalijua hilo, ndiyo maana ukaniomba niliangalie vizuri. Nimeliangalia. Ni uongo.

Lakini kilichokukalisha chini uandike kurasa nne kwa penseli ni lile tawi. Ulipoziona zile nyayo ulifurahi, mzee. Umenieleza hadi mguu wa mtoto wa chui ulivyokuwa ukivutwa. Mtu asiyeipenda kazi yake haoni hivyo. Ukaipata habari njema kuliko zote za msimu mzima, na kwa sababu haikuwa yako, ukaifagia. Nakupa pole, na nakwambia pia haikukufaa.

Hiyo njia yako ya busara iache hapo hapo. Kumwombea huruma asiye na kosa ni kumthibitishia kosa. Bosi atasema sawa, nimemsamehe, na binti ataondoka amesamehewa uongo ambao ni wako. Na hilo jina unaloogopa kulipoteza, hakuna atakayekunyang'anya, uliliacha mwenyewe kule juu chini ya mti. Lifuate. Wapishi watacheka, ndiyo. Watacheka wiki mbili. Wiki ya tatu mmoja wao ataunguza sufuria na zamu itahama.

Utafanya hivi. Mweleze bosi yote, kuanzia kicheko chako hadi tawi, na usianze na ile miaka thelathini na minne. Ulimcheka binti mbele ya watu, basi msafishe mbele ya watu hao hao. Kisha mpandishe bosi kilimani leo leo, umwonyeshe alama za mikanda kwenye magome ya ile miti mitatu, wewe unajua kuzitafuta kuliko yeyote. Omba kamera zirudishwe pale pale, zifungwe kwa mikono ya binti, wewe ubebe mkoba. Na kama bosi atataka kukuondoa kazini, ni haki yake, utakubali bila kununa. Chui aliyepita na watoto wake atapita tena, hilo sikufundishi mimi.

Limebaki moja. Ningeweza kukujibu kwa barua, ingekufikia na gari la chakula la wiki ijayo, binti akiwa keshafunga mizigo. Nimeona hapana. Jina hukutaka nilitaje, na sijalitaja. Lakini kamera tatu, kijito, kilima chenye mawe, binti na penseli yake, nimeyasoma yote hewani, na ni wewe mwenyewe uliyeniandikia kwamba kambi nzima inanisikiliza wakati wa chai na redio ni moja. Mtu anayejua kumjia nyati kwa nyuma hakosei jambo kama hilo. Ulitaka lisemwe, ukakosa mdomo, ukaazima wangu. Nimekuazima hadi hapa, sasa nauchukua.

Wanakutazama. Na binti naye anakutazama, au ameinamisha kichwa ili asikutazame. Wahenga walisema mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Leo wewe usichutame. Weka kikombe chini, simama, mwambie aliye karibu na kabati apunguze sauti ya redio, kisha sema.