Muravumba ya Papa

Mama,

Salamu kutoka huku Ngungu, kwenye mvua haiombake ruhusa. Ile majani ya muravumba, dawa ya kikohozi ya Papa, nilienda kuichuma mi mwenyewe kule juu ku mulima, nikaifunga mu kitenge. Wakati nashuka, ku bariyeri yenye inafunga njia karibu na soko, mwanaume mumoja mwenye bunduki akanisimamisha.

"Fungua. Hii majani inalipiwa kodi."

"Kodi ya nini? Ni nani aliipanda?"

"Mulima iko yetu."

Mama, unajua mudomo yangu. Nikakata jani, nikamupatia: "Kama iko yenu, kula basi."

Akatafuna. Ule uchungu wenye unatutoaka machozi tangu utoto ukamukamata ku koo. Akatema, akakohoa, soko yote ikacheka. Nikafunga kitenge yangu.

"Unaona? Mulima haikujui."

Nikapita.

Kifurushi inakuja na huyu mwenye pikipiki, pamoja na hii kadi. Nawakumbatia wote wawili. Chemsha, Papa akunywe bila sukari, na akikunja sura, umuambie: sisi, mulima inatujua.

Mutoto wenu,
Furaha