Chungu cha Bunda

Mjukuu wangu Wambura,

Hapa Mwisenge tuko wazima, na mguu wa babu yako unaendelea vizuri. Umeniuliza kama ulizime lile onyo la kompyuta kwamba namba huenda isienee, kwa kuwa programu inaenda vizuri kwenye mashine yako, ingawa kwenye mashine za wengine nafasi ya kuwekea namba ni ndogo zaidi.

Kompyuta siijui. Ila nyumbani Butiama, dada yangu Bhoke alikuwaga anapindua kibuyu chote cha maziwa chunguni bila kuangalia, na hayakumwagika hata tone. Tukaenda Bunda kumpelekea maziwa shangazi, aliyekuwa amejifungua. Bhoke akainua kibuyu kile kile.

Shangazi akaita kutoka kitandani, "We Bhoke, chungu cha hapa kidogo!"

"Shangazi, mimi namiminaga kila siku," akacheka, akapindua.

Chungu kikafurika, maziwa ya mzazi yakaishia kwenye majivu ya jikoni. Shangazi hakugomba. Alisema tu, "Kibuyu hakina kosa, mwanangu."

Juzi Bhoke alikuja kunitembelea. Vikombe vyangu anavijua tangu zamani. Hata hivyo, kabla ya kumimina chai, alikishika kikombe kwanza, akakiangalia ndani.

Bibi yako